Una Albamu Moja ya Opeth: Jinsi ya Kuchagua ya Pili Ukiwa Arusha au Moshi

Swali ni lile lile. Mtu amesikia Blackwater Park, albamu ya Opeth, kwa rafiki, pengine ndani ya gari njiani kwenda Moshi, ikamkaa, akahangaika mpaka akapata yake. Sasa ana hela ya CD moja zaidi na anauliza: ninunue ipi? Anayeulizwa hutaja ile anayoipenda yeye, na kila mtu hutaja yake. Ndiyo maana nawajua watu kadhaa hapa mjini wenye albamu mbili za bendi hii, moja inasikilizwa kila wiki, nyingine iko chini ya kitanda.

Chuga, yaani Arusha, ni mji wa hip hop, na hiyo ni fahari yetu: X Plastaz, Nako 2 Nako, Joh Makini, wote wametoka hapa. Wapenzi wa metali, ile roki nzito ya magitaa (heavy metal), tuko wachache, na sijawahi kuona duka hapa au Moshi ambalo unaingia, unapekua makasha, unasikiliza ndipo unalipa. CD unaagiza nje, unaisubiri, na ikishafika umeshaimiliki, uipende usiipende. Kwa mtu anayebana hela ya nauli ili anunue muziki, kosa la kuchagua linauma. Ndiyo sababu nimeandika haya.

Nimechagua Opeth, bendi ya metali ya progresivu, yaani ya nyimbo ndefu zinazogeuka-geuka, kutoka Stockholm, Uswidi, kwa kuwa ndiyo ninayoulizwa zaidi na ndiyo inayowatega wageni kuliko nyingi. Kati ya 1995 na 2024 imetoa albamu 14 za studio, na zipo mbili zilizofuatana kwa miezi michache tu ambazo ukizisikia utadhani ni za bendi tofauti.

Vitu unavyohitaji kabla ya kuanza

- Albamu moja uliyoisikia yote, mwanzo hadi mwisho. Nyimbo tatu ulizotumiwa na rafiki hazitoshi. Kama huna hata moja, mwongozo huu usubiri kidogo; azima kwanza.
- Hedifoni. Spika ya simu inakula besi yote, na kwa bendi hii besi ni nusu ya muziki.
- Daftari na kalamu. Noti za simu zinafaa pia, ila ujumbe ukiingia utakukatisha.
- Bando la kutosha kusikiliza nyimbo mbili au tatu kwa majaribio. Huhitaji kupakua albamu nzima.
- Kitu cha kuchezea CD. Laptop nyingi za sasa hazina sehemu ya kuweka CD. Deki ya DVD ya sebuleni inacheza CD bila shida. Redio za magari yetu ya kutoka Japani pia zinacheza, na zile za zamani zenye masafa ya FM yanayoishia 90, ambazo vituo vingi vya hapa hazivishiki, basi CD inakuwa ndiyo kazi yake hasa.
- Sanduku la posta lenye uhakika: lako, la kazini, la shule au la kanisa. Kama si lako, omba ruhusa kwanza.
- Bajeti yenye mafungu mawili, la CD na la usafirishaji. Fungu la pili linaweza kulizidi la kwanza.

Hatua ya 1: Isikilize tena uliyonayo, kalamu mkononi

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo watu wanaporuka. Usijiulize kama unaipenda. Unaipenda, ndiyo maana uko hapa. Jiulize unaipenda *wapi*.

Kaa mahali patulivu. Kila mwili unaposhtuka, kichwa kinapoanza kutikisika au unapotamani kurudisha nyuma, andika jina la wimbo na dakika. Kisha andika herufi moja ya kinachotokea hapo: L kama anaimba kwa sauti laini, N kama ananguruma kwa sauti nzito ya kooni, V kama ni vyombo tu bila mwimbaji, H kama kilichokushika ni hadithi au maneno.

Tuchukue The Drapery Falls kutoka Blackwater Park. Ni wimbo wa karibu dakika 11. Unaanza kwa sauti laini, inaelea juu ya gitaa, taratibu. Katikati sauti inageuka kuwa mngurumo na ngoma zinabadilika zote. Mwishoni ule mwanzo unarudi. Wasikilizaji wawili niliokaa nao mezani, daftari mbele yao, waliandika alama zisizofanana hata moja: mmoja alikuwa na L tupu, mwingine alianza kuandika pale kunguruma kulipoingia. Wote wawili walikuwa wamesema "naipenda hii". Watu hao hawapaswi kununua albamu ile ile.

Jambo moja la kujua: sauti laini na sauti ya kunguruma ni za mtu mmoja, Mikael Åkerfeldt. Wengi hudhani ni waimbaji wawili.

Hatua ya 2: Hesabu herufi

Herufi iliyozidi ndiyo njia yako. Zikilingana L na N, maana yake unachopenda ni ule mgeuko wenyewe, kutoka utulivu kwenda dhoruba. Andika LN ukubwa wa ukurasa.

Hatua ya 3: Zijue familia za albamu

Usizipange kwa mwaka peke yake. Zipange kwa jinsi zinavyosikika.

Za mwanzo ni Orchid (1995) na Morningrise (1996). Gitaa mbili zinasokotana muda wote, nyimbo ni ndefu, na bendi ilikuwa bado inajitafuta. Morningrise ina nyimbo tano tu lakini inapita saa moja. Mmoja wao, Black Rose Immortal, unapita dakika 20. Nazipenda zote mbili, na bado simshauri mtu azinunue za pili.

Za kati ndizo moyo wa bendi: My Arms, Your Hearse (1998), Still Life (1999), Blackwater Park (2001), Deliverance (2002), Ghost Reveries (2005) na Watershed (2008). Hapa ndimo laini na kunguruma vinaishi ndani ya wimbo mmoja. Kama umekulia nyumba yenye muziki wa dansi, sikio lako limeshafundishwa jambo hili bila wewe kujua. Wimbo wa dansi huanza taratibu, mwimbaji anasimulia kisa chake, kisha linakuja chemko na watu wanainuka. Opeth wanafanya hivyo, ila baada ya chemko wanarudi tena kwenye utulivu, na wanaweza kwenda na kurudi mara tatu kabla wimbo haujaisha. Mtu anayelalamika kwamba dakika kumi ni nyingi, mkumbushe dansi la baba yake.

Damnation (2003) inasimama peke yake. Haina kunguruma hata kidogo, ina dakika 43 tu, na ni ya huzuni tamu. Ilirekodiwa kipindi kimoja na Deliverance, ambayo ni kati ya albamu zao nzito kabisa. Steven Wilson alishiriki kama prodyuza katika zote mbili, kama alivyofanya kwenye Blackwater Park.

Kisha kuna Heritage (2011), Pale Communion (2014), Sorceress (2016) na In Cauda Venenum (2019). Kunguruma kumeondolewa kabisa. Muziki umeelekea kwenye roki ya miaka ya 1970, vinanda vingi, gitaa zisizo na ukali ule.

Ya mwisho hadi sasa ni The Last Will and Testament (2024). Kunguruma kumerudi baada ya miaka 16, lakini ndani ya nguo za ile familia ya vinanda. Ian Anderson wa Jethro Tull, bendi ya roki ya Uingereza, anapiga filimbi na kusimulia. Kisa ni wosia wa baba unaosomwa mbele ya wanawe, siri zikifichuka aya baada ya aya, na nyimbo zenyewe, isipokuwa ya mwisho, zimepewa namba za aya kama hati ya kisheria. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha mirathi atauelewa ukimya wa chumba kile.

Hatua ya 4: Chagua jirani

Ya pili iwe jirani wa ile uliyonayo kwa sikio. Mwaka usikuongoze.

Una Blackwater Park na alama zako ni LN: nunua Ghost Reveries. Ina mgeuko ule ule, na imeongezewa kinanda cha Per Wiberg kinachoziba nafasi zote. Kama alama za H ni nyingi pia, badili: nunua Still Life. Ni hadithi moja tangu mwanzo hadi mwisho, ya mtu aliyefukuzwa kijijini kwao akarudi baada ya miaka kumtafuta mwanamke aliyemwacha huko, Melinda. Mwisho wake si mwema.

Alama ni N: Deliverance. Wimbo uliobeba jina la albamu unapita dakika 13, na dakika zake za mwisho ni mdundo mmoja unaorudiwa, gitaa na ngoma zikigonga pamoja kama nyundo, na kila ukirudi unasikia kitu kidogo kimehama. Asiyeupenda mwisho ule hapendi N kama alivyodhani. Arudi hatua ya 2.

Alama ni L: Damnation, bila kusita. Baada ya hapo, Pale Communion.

Alama ni V: Watershed.

Kama uliingilia Damnation na kunguruma kunakutisha, usiende Deliverance eti kwa sababu ni pacha wake. Amua kwanza kama unataka kujifunza kunguruma. Hutaki: Pale Communion. Unataka: Still Life, kwa kuwa ndani yake kuna Benighted, wimbo mzima wa sauti laini, na Face of Melinda, unaoanza laini na kukushika mkono kabla ya kuwa mzito.

Kama uliingilia Heritage, chukua Pale Communion. Kama uliingilia The Last Will and Testament, nakupeleka Still Life kwa ajili ya hadithi, au Watershed, ambayo ndiyo albamu ya mwisho yenye kunguruma kabla ya hiyo.

*Angalizo.* Makosa mawili yanajirudia. La kwanza ni kununua mpya zaidi kwa kuwa ni mpya. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo: nilikuwa na Blackwater Park tu, Heritage ndiyo ilikuwa imetoka, nikaiagiza. Nilikaa nayo jioni nzima nikisubiri kunguruma kuingie. Hakukuingia. Albamu haina kosa lolote, leo naipenda, lakini ilikaa zaidi ya mwaka bila kuguswa kwa sababu niliifikia kwa mlango usio wake. La pili ni kuchukua orodha ya "albamu bora" na kununua namba moja. Orodha haijui alama zilizo kwenye daftari lako.

Hatua ya 5: Jaribu wimbo mmoja, mzima

Kabla ya kulipa, sikiliza wimbo mmoja wa albamu uliyoichagua bila kuukatisha. Ghost Reveries: Ghost of Perdition. Still Life: Face of Melinda. Damnation: Windowpane. Deliverance: wimbo wa jina hilo. Watershed: Heir Apparent, lakini usikie kwanza Coil unaoutangulia, mfupi na mtulivu, maana viwili hivyo vimewekwa pamoja makusudi. Pale Communion: Eternal Rains Will Come.

Ukitamani kuurudia siku inayofuata, agiza. Usipoukumbuka kabisa, ngoja.

Hatua ya 6: Hakikisha toleo

Soma maelezo ya muuzaji neno kwa neno. In Cauda Venenum imetoka kwa Kiswidi na kwa Kiingereza, nyimbo zile zile. Jua unapata ipi. Deliverance na Damnation zilitolewa tena pamoja mwaka 2015 zikiwa zimechanganywa upya sauti zake studio, na kwa anayelipa usafirishaji mara moja hiyo ni nafuu kubwa. The Roundhouse Tapes si albamu ya studio. Ni onyesho la London. Na hakikisha imeandikwa CD, maana santuri na CD huwa na picha ile ile, na santuri bila mashine yake ni pambo la ukutani.

Hatua ya 7: Agiza

1. Tafuta wenzako wawili watatu, hata wa Moshi, muagize mzigo mmoja. Usafirishaji mkigawana unakuwa mwepesi.
2. Lipa kwa kadi ya benki au kadi ya mtandaoni ya kwenye simu yako. Weka hela ya ziada kidogo, kwani kiwango cha kubadilishia fedha hakiwi kile ulichokiona asubuhi.
3. Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho chako, S.L.P., mji, Tanzania, na namba ya simu. Bila namba ya simu utasubiri kikaratasi tu.
4. Omba bahasha yenye mapovu au boksi gumu. Kasha la CD lina vijino katikati vinavyoshika tundu. Vikivunjika safarini, CD inazunguka huru ndani na kujikwaruza njia nzima. Mzigo wangu mmoja, muuzaji aliufunga kwa bahasha ya barua, na ulifika vijino vinne vikicheza ndani kama mchele kwenye kopo.
5. Piga picha ukurasa wa malipo. Weka akiba kwa ajili ya forodha.
6. Kwa Arusha, utauchukua posta kuu pale karibu na Mnara wa Saa. Nenda na kitambulisho, na fungua kifurushi hapo hapo kaunta. Kama kuna kilichovunjika, picha iliyopigwa pale ina nguvu kuliko iliyopigwa nyumbani.

Hatua ya 8: Isikilize kwa mpangilio wake

Mara ya kwanza isikie yote, bila kuruka. Mimi hutumia safari ya Arusha hadi Moshi, kama kilomita 80. Albamu ya dakika 66 ukiianza gari linapotoka stendi, inakuwa imemalizika au inakaribia unapofika Boma Ng'ombe, na Kilimanjaro, siku ikiwa njema, iko mbele yako bila wingu.

*Angalizo kwa wanaohamishia kwenye flashi.* Redio nyingi za magari hupanga nyimbo kwa alfabeti. Kwa albamu ya hadithi huko ni kuichana. Kwenye My Arms, Your Hearse maneno ya mwisho ya kila wimbo ndiyo jina la wimbo unaofuata. Ukiipanga kwa alfabeti mnyororo wote umekatika. Tanguliza namba 01, 02, 03 kwenye majina ya mafaili. Na ukienda kuingiziwa nyimbo dukani, jua faili nyingi zimebanwa mno. Zile sehemu za utulivu, ambazo ndizo ulizilipia, zinatoka na mikwaruzo.

Mambo yakienda mrama

*Imefika, nimeisikia, sijaipenda.* Isikie mara tatu kwa siku tofauti, moja kati ya hizo usiku kwa hedifoni. Bado? Ifunge, rudi kwenye ile ya kwanza, na uangalie kama alama ulizoandika zilikuwa za kweli. Wengi huandika N kwa kuona haya kuandika L. Kupenda upande wa utulivu si udhaifu. Bendi yenyewe ilitoa albamu nzima ya utulivu.

*Kunguruma kunanikera.* Fungua kijitabu cha ndani usome maneno huku unasikiliza. Sikio likishajua neno linalokuja, mngurumo unaacha kuwa kelele, unakuwa usemi. Kwa wengi nimeona inachukua wiki mbili hivi. Kwa wengine haifiki kamwe, na Damnation na Pale Communion zipo.

*Deki inasoma CD halafu inakwama wimbo wa nne.* Ni vumbi, hasa kiangazi. Futa kwa kitambaa laini kikavu, mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda ukingoni. Usizungushe. Kama inakwama kwenye deki zote pale pale, CD ina kovu. Kama inakwama kwenye moja tu, lensi ya deki hiyo ndiyo chafu.

*Mzigo umechelewa.* Angalia namba ya ufuatiliaji. Ikionyesha umeshaingia nchini, nenda posta na picha ya malipo na uulize kwa upole, ukitaja tarehe. Kikaratasi cha taarifa hupotea ndani ya sanduku linalotumiwa na watu wengi. Kwa sanduku la kanisa, muulize katibu wa usharika kabla ya kumlaumu mtu wa posta.

*Mama anasema ni muziki wa shetani.* Hili naulizwa sana, hasa na vijana wa Moshi wanaoishi nyumbani, na nalichukulia kwa uzito, kwa sababu mama ana haki ya kujua kinachoingia nyumbani kwake. Usibishane naye wala usiongeze sauti. Mwambie jina lilikotoka: Opet ni mji wa kubuni, tena wa Afrika, katika riwaya ya Wilbur Smith, mwandishi aliyezaliwa Zambia. Kisha mwekee Windowpane jioni, sauti ya chini, wakati anachambua maharage. Mama yangu mimi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza huyu kijana analia nini, nikamsimulia.